Daftari la Nusu kwa Nusu

Shemeji yangu alituma nauli Morogoro. Nauli haikurudi na binti hakuja. Hapo ndipo haki za wanaume zilipoingia nyumbani kwetu Tabata, zikavua viatu mlangoni na kukaa sebuleni kama ndugu asiyesema ataondoka lini.

Ilikuwa nauli ya treni ya SGR, shilingi 13,000 za daraja la kawaida, na ya kutolea, na hela ya kusukia juu yake, maana binti alisema hawezi kuja kwa watu na kichwa kimekaa ovyo. Shemeji ni fundi simu Kariakoo, anakaa nasi chumba cha uani. Siku hiyo aliazima pasi, akaazima manukato ya kaka yake, akanunua umeme wa LUKU kwa pesa yake mwenyewe, jambo ambalo nyumba hii ilikuwa haijapata kuliona. Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu atolewe mtoto wa jicho, alikaa jikoni kwenye kigoda akimsimamia dada wa kazi. "Vitunguu viwe rangi ya kahawia, lakini usiviunguze. Anayekuja ni mkwe, siyo fundi bomba."

Treni ilifika, abiria wakashuka, watu wakatawanyika na mizigo yao. Shemeji alisimama nje ya stesheni mpaka mlinzi akamuuliza anamsubiri nani. Simu ya binti haikupatikana. Usiku akarudi na mfuko wa zabibu alizomnunulia mgeni, akaukabidhi kwa watoto bila neno. Tukala pilau ya mkwe bila mkwe, na hakuna aliyeisifia ingawa vitunguu vilikuwa vimeiva barabara.

Kwa muda alinyamaza. Alipofungua mdomo, alikuja na hoja.

"Shemeji, hebu niambie. Kazini mnataka sawa, bungeni mnataka sawa. Bili ikifika mezani, usawa unakwenda msalani kunawa mikono. Kwa nini? Mwanamume ndiye aombe namba, ndiye apige, ndiye aweke bando, ndiye alipe chipsi kuku. Akitoa sana anaitwa buzi. Akikosa anaitwa marioo. Sasa katikati ya buzi na marioo, mtu anakaa wapi?"

Swali lilikuwa zuri na nilimwambia hivyo. Aliyelijibu ni wifi yangu, dada yao mkubwa, anayeuza vitenge na asiyekopesha mtu. "Binti anapanda treni kwenda kwa mtu aliyemjua kwenye simu tu. Nauli ya kuja umetuma wewe. Mambo yakiharibika saa sita usiku, nauli ya kurudi inatumwa na nani? Mimi enzi zangu ilikuwa ndani ya sidiria, imekunjwa mara nne, na hakuna aliyenitoa out akajua ipo."

"Lakini huyu hakuja kabisa, dada!"

"Basi huyo ni mwizi. Mshitaki kwa wizi, usimshitaki kwa uanawake."

Neno kushitaki likamwingia shemeji. Jirani yetu mmoja ni karani mstaafu wa mahakama, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi na nakala ya Sheria ya Ndoa ya 1971 iliyochoka kwa kuazimwa. Shemeji akaenda kwake na ushahidi wote wa miamala ya simu. Mzee akampa habari njema kwanza. Kifungu cha 69 kinamruhusu mtu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, awe mwanamume au mwanamke. Kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi irudishwe pale ndoa inapokuwa haikufungwa. Shemeji akachangamka. Kisha mzee akashusha miwani. "Zawadi hiyo lazima iwe ilitolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Wewe nauli uliitoa kwa sharti gani?"

Shemeji akafikiri. "Aje kula pilau."

"Kwa pilau, mwanangu, sheria haina kifungu."

Kesi ikafia barazani, lakini kitabu kilikuja nyumbani kwetu. Baba Rehema, mume wangu, anafanya kazi kwa wakala wa forodha bandarini, na nyaraka kwake ni riziki. Alikisoma akiwa amekiinamia hadi kikamfikisha kifungu cha 63. Pale akaniita kwa sauti ya mtu aliyekuta kontena limeandikwa mzigo ambao haumo.

"Mama Rehema, sikiliza. Mume ana wajibu wa kumpa mke malazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Sawa. Mke je? Mke ana wajibu wa kumtunza mume kama mume hajiwezi, mgonjwa au kaumia, na mke awe na uwezo. Maana yake mpaka nivunjike mguu!"

Nikikaa upande wa haki, malalamiko yale yalikuwa na mashiko. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mshahara wangu unaingia kila mwezi. Kodi ya nyumba, ile ya miezi sita kwa mkupuo, alikuwa analipa yeye. Chakula yeye, ada yeye, LUKU yeye. Mshahara wangu ulikwenda kwenye vikoba, kwa mdogo wangu chuoni, na kwenye kiwanja Chanika chenye jina langu. Dini nayo inaniunga mkono, mali ya mke ni ya mke na matunzo ni ya mume. Wanaume wanaosema "chako chetu, changu changu" hawasingizii. Sheria ya 1971 ilitungwa ikimwona mume ndiye anayerudi na mshahara na mke ndiye anayemsubiri. Siku hizi nyumba nyingi wote wawili wanarudi jioni, wote wamechoka, na kifungu kimebaki palepale.

Ila kitabu kile nami nilikifungua. Kifungu cha 13 kilimpa mvulana umri wa kuoa miaka 18, msichana kilimruhusu kuolewa akiwa na 15. Rebeca Gyumi alikipeleka Mahakama Kuu, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi huo mwaka 2019. Tena mume anaweza kuongeza mke wa pili, lakini hakuna ukurasa unaoniruhusu mimi kuongeza mume. Nilimsomea Baba Rehema hayo taratibu. Akasema tusitoke nje ya mada.

"Mada ni nini?"

"Mada ni hamsini kwa hamsini."

"Nimekubali," nikamwambia, na nikaona amestuka, kwani alikuwa amejiandaa kwa mabishano mpaka usiku wa manane. "Nusu ya pesa natoa. Nusu ya kazi unachukua."

Akanunua kaunta buku ya kwaya tatu, akaipiga mistari kwa rula. Upande wa kushoto Baba, wa kulia Mama. Kila shilingi itaandikwa. Kupika, kufua, kuogesha watoto na kusimamia masomo vitakuwa kwa zamu, na hakuna mtu kuingilia zamu ya mwenzake. Shemeji alitia sahihi kama shahidi. Mama mkwe aliombwa naye atie dole gumba, akasema dole lake lina kazi nyingine.

Wiki za mwanzo daftari lilikwenda vizuri mno, na sababu yake hatukuiandika popote. Zamu ya Baba Rehema ikifika, dada wa kazi alipika. Zamu yangu ikifika, dada wa kazi alipika. Asubuhi tulikuta nguo zimefuliwa na kila mmoja akaweka alama ya vema upande wake. Kisha ukaja ujumbe kutoka Singida kwamba mama yake dada anaumwa, naye akafunga begi, akapanda basi la alfajiri.

Zamu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya Baba Rehema, na chakula kilikuwa maharage. Alimimina maharage sufuriani bila kuyachambua kwa sababu dukani yalionekana safi. Akatia maji ya baridi, chumvi, mafuta na nyanya vyote kwa pamoja, apate muda wa kusikiliza taarifa ya habari. Mama mkwe aliyaona hayo yote kutoka kwenye kigoda na hakusema kitu, daftari lilikuwa limekataza. Saa mbili usiku maharage yalikuwa bado yanagonga sufuria. Saa mbili na nusu mwali wa gesi ukawa wa njano, ukatikisika, ukazima. Mtungi wa kilo 15 ni zaidi ya shilingi elfu hamsini, na duka lilikuwa limefungwa.

Akatoa jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umenyeshewa uani. Akamwagia mafuta ya taa, moto ukaruka, ukachoma vinyweleo vya mkono, ukafa. Alitafuta kipepeo hakukiona, maana kipepeo anakijua dada kinakokaa. Akachukua kilichokuwa karibu. Nilipochungulia dirishani nilimwona mume wangu amechuchumaa uani, machozi ya moshi yanamtoka, anapepea jiko kwa daftari la nusu kwa nusu. Jalada lake lina masizi mpaka leo.

Tulipokula, ya chini yalikuwa yameungua na ya juu hayajaiva. Mama mkwe alitafuna, akaacha kutafuna, akatoa kipande cha jiwe mdomoni na kukiweka pembeni mwa sahani.

"Baba Rehema, hiki ndicho kijiwe unachokwendaga kila jioni?"

Kufua kukafuata. Mashati meupe ya shule aliyaloweka na kitenge kipya cha wifi, rangi ya damu ya mzee. Rehema na mdogo wake walikwenda shule na mashati ya waridi, wakarudi na barua ya mwalimu wa zamu. Mashati mapya Baba Rehema aliyaandika daftarini katikati ya mistari, akayaita hasara ya pamoja.

Wakati huo binamu yao wa Nairobi alikuwa anamtumia habari za huko kila siku. Kenya kulikuwa na shirika la Maendeleo ya Wanaume, jina lililochukua mkondo wa Maendeleo ya Wanawake ya tangu 1952, na mwaka 2012 kiongozi wake, Nderitu Njoka, aliwataka waume wasusie chakula kinachopikwa na wake zao, kupinga wanaume kupigwa majumbani. Visa vya waume kupigwa Nyeri ndivyo vilikuwa midomoni mwa watu. Baba Rehema akasoma, akatikisa kichwa, akatangaza sebuleni kwamba kesho yake atasusia chakula cha nyumba hii kwa mshikamano, hata kama umechelewa kwa miaka mingi.

Hakuangalia zamu. Kesho ilikuwa yake kupika. Alipika ugali na dagaa, akatuandalia mezani, akakaa pembeni mikono kifuani akikisusia chakula chake mwenyewe. Tulikula tukamshukuru. Baadaye alitoka kwenda kula chipsi mayai kona ya barabara, akataka kuziandika daftarini, nikamuuliza aziandike upande wa nani.

Tulicheka sana, na kicheko kile kilikoma siku jirani wa nyumba ya tatu alipopita barazani kwetu na nyusi imechanika, imeshonwa nyuzi. Alisema amegonga mlango. Mtaa mzima unajua mlango ule una mikono na jina. Kijiweni alipofika, waliomcheka kwanza walikuwa wanaume wenzake, haohao wenye hoja za haki. Mmoja alimuuliza kama mlango ulimpiga kwa mwiko au kwa mchi. Shemeji ndiye aliyetuhadithia, akicheka, mpaka alipomwona kaka yake hacheki.

Kitabu cha mzee karani kina kifungu cha 66 kinachosema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Neno ni mwenzi, kwa hiyo mume yumo. Kenya nayo ina sheria ya 2015 ya kukinga watu na ukatili wa nyumbani, nayo haichagui jinsia. Vituo vyetu vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mlango wake uko wazi kwa mwanamume pia. Kinachomzuia ni benchi la kusubiria, pale anapopita mtu anayemfahamu na kumuuliza, "Umemleta shemeji?" Baba Rehema alimsindikiza jirani yule, wakakaa wote wawili kwenye benchi hilo. Aliporudi hakuandika kitu daftarini. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa vifungu vyote alivyonisomea.

Mwisho wa mwezi ukafika na hesabu ikabidi ifungwe. Pesa zilikuwa rahisi, tuligawa. Kazi ndiyo iliyotutoa jasho. Baba Rehema alipendekeza tuipe kila kazi bei ya soko. Kubadilisha taa iliyoungua, akaandika bei ya fundi umeme. Kuua panya stoo, akaandika bei ambayo hata kampuni ya kufukiza dawa isingethubutu. Nikamuuliza kuamka usiku mtoto akiwa na homa ni shilingi ngapi. Akasema hiyo haina soko.

"Ikikosa soko ni sifuri?"

Akatafuta msaada Nairobi. Binamu akatuma kwamba sheria yao ya mali ya wanandoa ya 2013 inahesabu mchango usio wa pesa, ikiwemo kazi za nyumbani, malezi ya watoto, shamba na hata kuwa pamoja kwa usuhuba. Akaongeza kwamba Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Ogentoto, ilisema hakuna nusu inayokuja yenyewe kwa kuwa tu mmeoana. Kila mtu athibitishe alichochangia. Baba Rehema akafurahia kipande cha mwisho, mimi nikafurahia cha kwanza. Nikaandika upande wangu: kusikiliza habari za bandarini kila jioni, pamoja na ile ya meneja na kreni, mara zote.

Sisi huku tuna yetu, na mzee karani alitukumbusha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali waliyochuma pamoja. Wanawake wa nchi hii tunaegemea hukumu ile hadi leo. Wanaopenda kuitaja huwa hawafiki mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwani mahakama iliona pesa alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, na hizo ndizo zikahesabiwa kuwa fungu lake. Upande wangu walinisihi niishie kwenye kanuni, upande wa Baba Rehema wakataka tuanzie kwenye utapanyaji.

Wahenga walimaliza hilo zamani, mwamba ngoma huvutia kwake. Shemeji anaanza kuhesabu kwenye nauli, wifi anaanza kwenye noti ya sidiria. Mume wangu anaanza kwenye kodi ya miezi sita, mimi kwenye homa ya usiku. Kila mmoja anafungua daftari ukurasa ule alioanza kutoa yeye, na hesabu yake, kuanzia hapo, haina kosa hata moja. Ndiyo maana mabishano ya wanaume na wanawake hayaishi. Mnabishana na watu wasiodanganya.

Mama mkwe alikuwa anatusikiliza. "Mnaandika ya mwezi huu tu?" akauliza. "Huyu aliposoma Tanga, nani alilipa? Andikeni basi. Dada yake aliacha shule darasa la saba akauza mandazi stendi. Mkimaliza hilo, andikeni na mahari, maana nilimuuza ng'ombe." Wifi akainamia vitenge vyake kama hakusikia. Baba Rehema akashika kalamu, akaitazama, akairudisha mezani. Hakuna mstari wa rula uliofika huko.

Usiku ule ndipo tulipogusa jambo ambalo kijiwe kizima hakijawahi kuligusa. Alipozaliwa mdogo wake Rehema, sheria yetu ya ajira ya 2004 ilinipa mimi siku 84 za likizo ya uzazi. Baba aliyepata mtoto sheria hiyo inampa angalau siku 3. Tatu tu, na moja iliishia kwenye foleni ya kulipia hospitali. Binamu wa Nairobi, kwa sheria yao ya 2007, alipata wiki mbili. Nilimwambia Baba Rehema: hapa ndipo mimi ningeandamana nawe na bango. Sheria moja inakwambia utoe malazi, mavazi na chakula. Nyingine inakupa siku tatu za kumjua mwanao kisha inakurudisha bandarini ukatafute hivyo vya kutoa. Hizo mbili ni mtazamo uleule kwamba baba ni mfuko. Wanaume wanalalamika kugeuzwa mfuko, na wana haki ya kulalamika, lakini wanaipigania kwenye bili ya chipsi kuku, wakati mlango wa kutokea uko jikoni, chumbani kwa watoto, kwenye beseni la nguo. Mwanamume asiyejua kipepeo kinakaa wapi atabaki kuwa pesa tu ndani ya nyumba yake, hata tukigawa bili kwa sentimita.

Alinyamaza, kisha akasema, "Zile siku tatu, nilitaka ziwe nyingi." Hakuwahi kuniambia.

Dada alirudi kutoka Singida mama yake akiwa amepata nafuu. Alisimama jikoni akaangalia sufuria la maharage ambalo tulikuwa tumelificha nyuma ya pipa, akaangalia mashati ya waridi, akaliona daftari na masizi yake. Shemeji akamweleza mfumo mpya kwa fahari, kushoto Baba, kulia Mama, kila kitu nusu kwa nusu. Dada akalifunua ukurasa kwa ukurasa. Amesoma hadi kidato cha nne, anasoma vizuri.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa mimi nakaa kwenye nusu ya nani?"

Hakuna aliyejibu, na kwa nyumba ile hilo ni tukio. Tulikuwa tumegombania usawa mwezi mzima, mume na mke wenye kazi zao na vifungu vyao, na kabla ya safari ya Singida usawa wenyewe ulikuwa unafuliwa, unapigwa pasi na kukunjwa na mtu ambaye daftari halikumpa hata mstari. Tukimwondoa yeye, hakuna aliyekuwa na nusu, si mimi wala mume wangu.

Dada alikuwa na yake ya kusema, ameyafikiria kwenye basi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Sisi tulikuwa juu kidogo ya hapo na tulijiona wema. Yeye alitaka tupande zaidi, alitaka mkataba wa maandishi, na alitaka Jumapili yake nzima, siyo ile inayoanza baada ya chai na kuisha kabla ya chakula cha jioni. Baba Rehema, mtetezi wa haki, alianza kusema kwamba hali ya uchumi ni ngumu. Nami nikajisikia nikimuunga mkono, kwa mara ya kwanza tangu daftari linunuliwe. Mama mkwe akakohoa. Tukaacha.

Mkataba uliandikwa na mzee karani, kurasa mbili, nakala tatu. Mshahara wa dada tunautoa nusu kwa nusu, na huo ndio mstari pekee wa daftari uliobaki na nguvu. Jumapili anaondoka asubuhi na mapema. Baba Rehema anapika siku hiyo, na maharage sasa anayachambua kwenye ungo akiwa na miwani. Ada tumegawa. Kodi ya nyumba bado anailipa yeye, na kiwanja cha Chanika sasa kina majina mawili. Hayo hayakutoka kwenye kifungu chochote. Tulikaa tukayapanga, kila mtu akavuta kidogo kwake na kulegeza kidogo.

Shemeji amepata mchumba mwingine, binti wa Mbagala, anayejilipia bajaji na anayeuliza maswali mengi kuhusu nani anapika nyumbani kwao. Jumapili iliyopita alikuja kula wali. Baada ya chakula shemeji alijinyoosha kwenye kochi, mama yake akamwonyesha jikoni kwa kidevu.

"Mama, mbele ya mgeni? Na haki za wanaume je?"

"Yako iko chini ya ukoko wa sufuria, mwanangu. Kasugue, utaiona."